Tukifunga bwawa, tunamlinda perege yupi?

Serikali ilipolifunga bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi mwaka 2016, sababu ilikuwa wazi kwenye masinia ya wachuuzi. Perege walikuwa wamebaki wadogo, kokoro, wavu wa kukokota ukingoni, linavutwa mchana kweupe, na aliyekuwa akirudi na samaki wa kujaza beseni sasa alirudi na wa kujaza sufuria. Mabishano yalikuja baadaye na hayajaisha. Kila samaki wanapoadimika, upande mmoja unasema funga tena, upande wa pili unauliza watoto wa Lang'ata, kwa wavuvi wa kando ya bwawa, watakula nini. Hoja hizo nimezisikia vijiweni Mwanga na Same hadi ningeweza kuzisema zote mbili kwa zamu bila kukosea. Kila moja ina ukweli wake. Lakini zote zinaruka swali lililopaswa kutangulia. Ndani ya bwawa lile wamo perege wa aina kadhaa, na si wote walio wenyeji wa mto huu. Tunapofunga, tunamfungia yupi?

Bonde la Pangani lina perege wake. Mwaka 1955 mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe, aliandika maelezo ya kitaalamu ya perege wa huku akawapa majina ya huku huku: mmoja jipe, kwa jina la ziwa lililo chini ya milima ya Upare Kaskazini, mwingine pangani, kwa jina la mto. Wataalamu waliomfuata wamebishana kama hao ni spishi mbalimbali au ni mmoja mwenye sura zaidi ya moja. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Lenye uzito kwetu ni kwamba perege huyu asili yake ni maji haya tu: Jipe, mto Ruvu unaotoka Jipe, na Pangani yenyewe. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka katika daraja la viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Faru wa hifadhi ya Mkomazi, ambaye naye yuko katika daraja hilo hilo, ana uzio, ana askari, ana wafadhili na ana wageni wanaolipa kumwona. Perege wa Jipe hana hata bango la barabarani.

Wageni waliletwa na watu. Miaka ya 1950, mkoloni akitafuta kitoweo cha bei nafuu, ngege wa Ziwa Victoria alipandikizwa katika mabwawa ya bonde hili, akastawi, na Nyumba ya Mungu ilipojaa maji akawa sehemu kubwa ya mavuno. Sato naye akafika. Hapa kuna kichekesho kichungu kidogo: ngege huyo, nyumbani kwake Ziwa Victoria, karibu atoweke baada ya sangara na sato kuingizwa kule. Anayesakamwa kwao amepata kwetu kimbilio, na kwetu yeye ndiye anayemsukuma mwenyeji. Tena perege wa jamii hii huzaana wao kwa wao, mtoto akatoka si wa huyu wala wa yule. Mvuvi akiinua wavu haulizi ukoo. Sokoni wanauliza uzito.

Ndiyo maana tangazo la kufunga linanitia wasiwasi hata pale ninapolikubali. Sisi hupima mafanikio ya kufunga kwa kilo. Bwawa likipumzishwa, atakayelijaza ni yule anayekua haraka na kuvumilia maji yaliyovurugika, na mara nyingi huyo ni mgeni. Linaweza kufunguliwa kwa hotuba na takwimu za kupendeza huku perege wa asili akiwa mchache kuliko siku lilipofungwa, na pasiwepo mtu wa kugundua, kwa kuwa katika daftari la mwaloni wote wameandikwa kwa neno moja: perege.

Mabishano haya yana ndugu zake mbali. Katika mito ya magharibi mwa Marekani yupo samaki aitwaye steelhead. Kwa ukoo ni trauti yule yule ambaye Waingereza walimpandikiza katika vijito vya Kilimanjaro ili wapate burudani ya kuvua, ila yeye huteremka baharini, akakulia huko, kisha akarudi mtoni kuzaa. Kule nako walijenga vituo vya kuzalisha vifaranga na kuwamwaga mtoni miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawabidi wawatenganishe: wa kituoni hukatwa kipezi kidogo kilicho karibu na mkia, na mwenye kipezi chake kamili ni wa asili, sharti arudishwe majini. Mwaka 2021 waliorudi walipokuwa wachache mno, jimbo la Oregon lilifunga uvuvi wake katika mto North Umpqua. Wavuvi wakalalamika, na baadhi ya hoja zao zingeeleweka Lang'ata bila mkalimani: mbona tunafungwa sisi tunaoonekana, na wenye mabwawa na wenye mashine za kukata misitu wanaendelea? Simaanishi tuige kila kitu. Wengi wao huvua kwa starehe, hakuna sufuria inayowangoja jikoni. Lakini walipofunga walijua wanamlinda nani, na wangeweza kumhesabu.

Tuseme basi tumekubaliana kwamba wa kulindwa kwanza ni mwenyeji. Tumtazame anavyozaa, maana uzazi wake ndio unaoonyesha mahali pa kufunga. Dume huchimba kishimo katika mchanga au tope la maji mafupi, akakilinda kwa ukali. Jike huja, hutaga humo, kisha huyazoa mayai yote kwa mdomo. Humo mdomoni yanaanguliwa, humo vifaranga wanakaa hadi waweze kuogelea, na kwa muda huo, wiki mbili hivi, mama hali chochote cha maana. Hata baada ya kuwatoa hukaa nao karibu, na hatari ikitokea vifaranga hukimbilia tena mdomoni mwake. Mayai yake si ya kumwaga kwa makumi ya maelfu kama ya kambare; ni mamia tu, na kila moja limegharimiwa. Vifaranga wakijitegemea huishi ukingoni kwenye majani, ambako maji ni ya vuguvugu na samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi.

Kwa hiyo malezi yote ya perege yako katika maji yanayomfika mtu kiunoni, na hapo hapo ndipo kokoro linapovutwa. Linapopita linafuta vishimo, linazoa majike wenye mayai, ambao wakinaswa huyatema, na linaondoka na vifaranga waliokuwa majanini. Wavu wa kutega wenye macho makubwa, uliowekwa katikati ya bwawa usiku, haukaribii madhara hayo hata kidogo. Sheria inalijua hili tangu zamani: kokoro ni haramu kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ila ukifunga bwawa zima umewaweka mwenye kokoro na mwenye wavu halali katika adhabu moja. Mwenye wavu halali, kwa kuwa ana leseni, ana jina na ana mtumbwi wenye namba, atatii. Mwenye kokoro amezoea kuvizia. Atabaki na bwawa peke yake, bila hata jirani wa kumwona.

Hadi hapo nimezungumza kana kwamba samaki wanamalizwa na wavuvi. Sivyo, au sivyo tu.

Nyumba ya Mungu ilijengwa katika miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, kwa ajili ya umeme wa megawati 8 na kwa ajili ya kuipimia maji mitambo iliyo chini: Hale yenye megawati 21, na tangu 1995 New Pangani Falls yenye megawati 68. Samaki walikuwa ziada, nayo ziada ikawa ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka, watu wakahamia kutoka kila upande wa nchi, kambi zikageuka vijiji. Wazee wa pale bado wanazungumza juu ya miaka hiyo, na kila bwawa linapofungwa kuna mtu anayeahidi kwamba neema ile itarudi. Hairudi. Bwawa jipya huzamisha majani, mboji na samadi ya miaka mingi. Rutuba hiyo ikiyeyuka majini samaki hula na kuzaana kupita kawaida, halafu inakwisha mara moja tu na haina ya pili. Mvuvi wa leo anayelinganishwa na tani za enzi hizo anaonewa.

Lililo mikononi mwetu ni kina cha maji. Kishimo kilichochimbwa kwenye maji mafupi, bwawa likishushwa haraka, kinabaki juani. Bwawa hushuka kwa ukame, hushuka kwa sababu mashamba ya juu, mpunga, miwa, mboga na maua, yamekunywa Kikuletwa kabla haijafika, na hushuka kwa geti. Upande wa chini hali ni ile ile kwa sura nyingine. Kinamasi cha Kirua, kilichokuwa kikifurika kila masika na kuwalea samaki wa watu wa Kirya na wa kata ya Ruvu huku Same, kilinyauka baada ya mafuriko kudhibitiwa. Hakuna mvuvi aliyefanya hivyo, na hakuna mvuvi anayeweza kukirudisha kwa kuacha kuvua. Jipe nako, ziwa lenye kina cha mita chache tu, tope la kutoka mlimani na magugu vimelibana pande zote; tena nusu ya ziwa iko Kenya, kwa hiyo kulifunga upande wa Mwanga bila kuzungumza na Taveta ni kuwapa wenzetu zamu yetu. Kalemawe, bwawa letu wenyewe la mto Mkomazi, hadithi yake ni tope tupu.

Na sisi wa Same mjini tusijitoe. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota Nyumba ya Mungu. Tuliungoja miaka mingi, na anayebeza maji ya bomba hajawahi kununua ndoo kutoka kwenye mkokoteni mwezi wa Oktoba. Lakini maana yake ni kwamba mtu ambaye hajashika kasia maishani mwake sasa yumo katika hesabu ya bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga foleni vizuri: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya mazingira, kisha wengine. Kwa maandishi, basi, perege amesimama mbele ya mtambo wa umeme na mbele ya shamba la miwa. Kwa vitendo, anayeambiwa asubiri bwawa linapopungua ni mwenye mtumbwi.

Watu wa wilaya hii wana kumbukumbu yao kuhusu kufungiwa. Mkomazi lilitangazwa pori la akiba mwaka 1951, na wafugaji waliokuwamo wakaachwa waendelee kuishi. Ilipofika 1988 wakaondolewa wote. Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Sisemi Mkomazi isingepaswa kuwapo. Nami hujisikia fahari nikisikia faru wamezaa. Nasema tu kwamba waliopoteza malisho na waliopata fahari hawakuwa watu wale wale, na jambo hilo halisahauliki Kisiwani wala Maore. Ofisa akija na maneno "kwa muda tu", masikio ya huku yanakumbuka.

Wapare, kusema kweli, hawahitaji kufundishwa kufunga maji. Mlimani tuna ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mashamba. Geti la ndiva hufungwa jioni, maji ya mfereji yakajikusanya usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu zinazojulikana na kila kaya. Katika bonde la Makanya watu wa juu, Vudee, na watu wa chini, Bangalala, wamegawana mto mmoja kwa taratibu za namna hiyo kwa vizazi. Sitaki kuwapamba: maji huibwa usiku, watu hutoana ngeu, na mwaka wa kiangazi kikali wa chini huwalaani wa juu. Hata hivyo ndiva inaendelea kufungwa, na sababu haina siri. Anayefunga ndiye atakayefunguliwa. Saa ya kufungua inajulikana kabla geti halijashushwa. Na mwenye shamba kubwa hungoja jioni ile ile anayongoja mwenye kitalu cha mchicha.

Linganisha na bwawa. Amri ilitoka juu, mazungumzo yakafuata nyuma yake. Tarehe ya kufungua ilibaki mikononi mwa waliofunga. Na kati ya wote wanaotumia maji yale, kundi moja peke yake ndilo lililofungiwa.

Kwingine wamejaribu namna tofauti. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji huchagua sehemu ya mwamba wao, wakaifunga kwa pweza kwa miezi michache na kuifungua siku moja, wanawake na vijana wakiingia pamoja. Inafanikiwa, lakini tusidanganyike: pweza hukua upesi ajabu, miezi mitatu kwake ni nyingi, wakati perege wa asili hawezi kulipa deni lake katika muda huo. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kwa makubaliano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wafanyabiashara wa dagaa Kigoma walilia, ila hata aliyelia alijua tarehe ya kufunguliwa, na alijua mwenzake wa ng'ambo ya pili naye mtumbwi wake uko juu. Naivasha, Kenya, walifunga ziwa mwaka 2001, na kilichokuwa na thamani kuliko mapumziko yenyewe kilikuja baada ya kufungua: idadi ya boti iliwekewa kikomo. Bila kikomo, siku ya kufungua huwa siku ya msiba. Kila mwenye wavu kutoka kila wilaya anakuja, na samaki wa mwaka mzima wanakwisha kabla mwezi haujaandama mara ya pili.

Mimi ningefunga mazalia, na ningeyafunga moja kwa moja, bila tarehe ya kufungua. Ghuba zenye maji mafupi na majani, midomo ya Ruvu na Kikuletwa inapoingia bwawani, vipande vinavyofahamika kwa majina na kila mvuvi, viwekewe maboya na visiguswe. Wa kuvichagua ni BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi mialoni, na wavuvi wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua vishimo viko wapi. Mchoro utakaotoka ofisini Dodoma utafunga mahali ambapo hakuna perege aliyewahi kuzaa. Katikati ya bwawa pabaki wazi kwa nyavu za kutega zenye macho halali. Ikilazimu kufunga bwawa lote, basi iwe kwa miezi inayojulikana, leseni za siku ya kufungua ziwe na idadi, na wa kwanza kuzipata wawe wale waliotii.

Vifaranga vya kupandikiza ni jambo la haraka: visimwagwe. Najua kuna viongozi wanaopenda kupigwa picha wakimwaga ndoo ya vifaranga vya sato bwawani, na nia yao si mbaya. Lakini kila ndoo ni mgeni mwingine katika chumba cha mwenyeji. Hata mabwawa ya kufugia samaki yaliyochimbwa miteremkoni kuelekea Kikuletwa yanahitaji kuangaliwa, maana masika yakifurika sato hawabishi hodi. Anayetaka kufuga ndani ya bonde hili asaidiwe kufuga perege wa bonde hili.

Gharama alipe nani? Mitambo ya umeme, mamlaka za maji na mashamba makubwa hulipa ada ya matumizi ya maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sehemu ya ada hiyo ingeweza kuwalipa wavuvi kadhaa wa kila mwalo walinde mazalia kwa zamu, na mlinzi anayetoka Lang'ata atamjua mwenye kokoro kwa sauti ya kikohozi chake gizani. Huo haungekuwa msaada. Ni mtumiaji wa maji kulipia sehemu ya madhara yake, jambo ambalo mvuvi amekuwa akilifanya peke yake.

Wataniambia kutofautisha perege chotara na perege wa asili ni kazi ya maabara. Ni kweli kwa baadhi, ndiyo maana tuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na sampuli za mialo michache kila msimu si kazi inayoishinda nchi inayohesabu nyumbu kwa ndege. Tangazo lijalo la kufunga Nyumba ya Mungu, basi, lije na karatasi mbili. Ya kwanza ioneshe perege wa asili wamebaki wangapi katika sampuli na wapi. Ya pili iwe ratiba ya geti kwa miezi ya kuzaliana, imesainiwa na wenye mitambo, ikisema maji hayatashushwa zaidi ya kiasi gani kwa wiki. Zikija zote mbili, nitakwenda mwenyewe Lang'ata kuwaomba ndugu zangu wapandishe mitumbwi. Likija agizo tupu, nitasimama nao kulipinga.